Stesheni: Nyumba ya Wanaongoja

Hapa Sumbawanga baridi ya Juni imekwisha kutua, upepo unateremka kutoka milima ya Mbizi, na makoti yaliyolala masandukuni tangu mwaka jana yameonekana tena mabarabarani.

Juma hili naomba tutafakari pamoja jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halituhusu: uzuri wa stesheni za reli. Nasema halituhusu kwa kuwa uwanda wetu wa Ufipa hauna reli. Mtoto wa Laela, wa Matai, wa Chala au wa Namanyere aweza kukua, akaoa na kupata wajukuu bila kusikia mlio wa garimoshi. Atakaye kuiona reli hana budi kwenda kaskazini hadi Mpanda, au kusini hadi Tunduma inakopita reli ya TAZARA. Sisi tumekaa katikati, juu, kama watu walioketi darini wakisikia wengine wakipita chini.

Hata hivyo nimelichagua jambo hili kwa sababu. Rafiki mmoja aliyesoma Ubelgiji aliniletea kalenda yenye picha za stesheni za kale za Ulaya, stesheni moja kwa kila mwezi. Niliitundika ukutani juu ya meza yangu ya kazi. Baada ya muda nikabaini kwamba karibu kila aliyeingia na kuinua macho aliuliza swali lile lile: "Hili kanisa liko wapi?" Mzee mmoja hata alivua kofia. Nilipomweleza kwamba si kanisa bali ni mahali pa kupandia treni, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Sasa kwa nini wamejisumbua namna hii kwa ajili ya watu wanaopita tu?"

Swali hilo limekaa nami. Kwa nini watu wajisumbue kwa ajili ya wanaopita tu?

Tuanze na picha yenyewe aliyoitazama mzee wetu. Ni stesheni kuu ya Antwerpen, Ubelgiji, iliyojengwa kati ya mwaka 1895 na 1905. Msanifu wake alikuwa Louis Delacenserie. Kuba lake limepanda takriban mita 75 juu ya ardhi, na chini yake umetandazwa ukumbi wenye ngazi pana, nguzo, na marumaru za aina nyingi. Nyuma ya ukumbi kuna paa kubwa la chuma na vioo, refu kama mita 185, ambamo treni huingia kama mashua zinavyoingia bandarini. Wabelgiji wenyewe huiita kanisa kuu la reli. Kwa hiyo mzee wetu hakukosea sana kuvua kofia.

Huko Porto, Ureno, stesheni ya São Bento ilijengwa pale pale palipokuwa na monasteri ya watawa wa Mtakatifu Benedikto. Serikali ya Ureno ilivunja mashirika ya watawa mwaka 1834, lakini ikaiacha nyumba ile mpaka mtawa wa mwisho alipofariki mwaka 1892. Ndipo ikabomolewa ili kupisha reli. Ukumbi wa stesheni hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1916, umefunikwa kwa vigae takriban 20,000, vingi vikiwa vyeupe na bluu, vilivyochorwa na Jorge Colaço. Msafiri anayengoja treni huona kutani wakulima wakivuna, wafalme wakiingia mjini, na vita vya zamani. Imo hata picha ya Wareno wakiuteka mji wa Ceuta, upande wa kaskazini wa bara letu la Afrika, mwaka 1415.

Jijini London, mhandisi William Henry Barlow aliezeka stesheni ya St Pancras mwaka 1868 kwa tao moja la chuma lenye upana wa mita 73 hivi, bila nguzo hata moja katikati. Wakati ule hapakuwa na paa la namna hiyo lililokuwa pana zaidi ulimwenguni. Na kule Helsinki, Finland, Eliel Saarinen alijenga stesheni iliyokamilika mwaka 1919, ambayo mlango wake unalindwa na majitu manne ya mawe, kila moja limeshika taa ya duara mikononi. Ni kama wenyeji waliotoka usiku kumulika njia ya mgeni.

Kwa nini walijisumbua? Sababu ya kwanza ni ya kibiashara, wala tusiifiche. Reli ilipoanza, wengi waliiogopa. Walisema mwendo ule utamkata mtu pumzi, na moshi utaua ng'ombe malishoni. Kampuni za reli zilihitaji kuaminiwa, na jengo zuri huzaa imani. Sababu ya pili ni heshima ya mji. Zamani mgeni aliingia mjini kwa lango la ukuta. Tangu reli ilipofika, aliingia kwa stesheni. Hilo sisi twalielewa. Watu husema kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni "tupa uchawi", amri anayopewa mgeni kabla hajakaribishwa. Kila mji una neno la kwanza la kumwambia anayefika. Wengine wameliandika kwa marumaru, sisi tumelitia ndani ya jina.

Lakini ndugu msomaji, uzuri una gharama, na yafaa tuulize nani aliilipa.

Stesheni ya Antwerpen ilijengwa katika utawala wa Mfalme Leopold II, katika miaka ile ile ambayo Kongo ilikuwa kama shamba lake binafsi, kuanzia 1885 hadi 1908. Mpira na pembe za ndovu za Kongo zilishushwa katika bandari ya mji huo huo wa Antwerpen, na dunia nzima inajua jinsi mpira ule ulivyopatikana kwa bunduki, mateka na mikono iliyokatwa. Tena mfalme huyo hakuwa mgeni katika nchi yetu. Shirika lake la Kiafrika la Kimataifa ndilo lililoanzisha kituo cha Karema mwaka 1879, pwani ya Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na Ufipa, na mwaka 1885 kituo hicho wakakabidhiwa Wamisionari wa Afrika, wale tuwaitao Mapadre Weupe. Leopold aligharimia hata kuletwa kwa ndovu wanne kutoka India mwaka 1879, wakashushwa Msasani ili wafundishwe kubeba mizigo kuelekea ziwani. Jaribio hilo halikuzaa matunda, na mizigo ikaendelea kubebwa vichwani mwa watu.

Basi neno "kituo" lilifika kwetu kabla ya neno "stesheni". Na mtu yule yule ambaye utawala wake ulisimamisha kuba la Antwerpen alikuwa amekwisha kuweka nguzo zake Karema. Ndiyo maana siwezi kuitazama picha ile ya kalenda kwa furaha tupu. Naustaajabia uzuri wake, na papo hapo nakumbuka ng'ambo ya ziwa.

Tuje sasa kwenye stesheni zetu wenyewe. Mwaka 1905, mwaka ule ule stesheni ya Antwerpen ilipokamilika, Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Kazi ilifanywa na kampuni ya Philipp Holzmann. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, jumla ya kilomita zipatazo 1,250. Kwa sehemu kubwa ilifuata njia ya kale ya misafara, ile ya pembe na ya watumwa, iliyokuwa ikitoka Ujiji kupitia Tabora kwenda pwani. Maelfu ya Waafrika, wengi wao Wanyamwezi, walifyeka msitu, walichimba tuta, na walibeba mataruma ya chuma. Majina ya wahandisi yameandikwa vitabuni. Majina ya wabeba mataruma hayakuandikwa popote.

Mwisho wa reli hiyo ni stesheni ya Kigoma, na kwa maoni yangu hakuna jengo la reli la zamani lililo zuri kuliko hilo katika nchi yetu yote. Mtaa mkuu wa mji unateremka mlima, na huko chini jengo limesimama, kubwa, lenye matao yaliyopangana, na nyuma yake maji ya ziwa yanameta. Nilipofika pale kwa mara ya kwanza, baada ya siku mbili ndani ya behewa, nilikaa kivulini mwa matao yale na nikahisi ubaridi wa ukuta mnene mgongoni. Yule aliyelichora alijua jua la Kigoma. Matao yale hayakuwekwa kwa ajili ya kupendeza macho peke yake. Yanazuia jua lisiingie ndani, na yanaruhusu upepo wa ziwa upite. Nilijifunza pale kwamba uzuri wa jengo la wasafiri huanzia kwenye mwili wa msafiri aliyechoka.

Na sisi watu wa Rukwa tuna haki ya kuihesabu stesheni hiyo kuwa yetu kwa namna fulani. Ni kwa reli hiyo ilikuja meli ambayo wazazi wetu waliijua kuliko garimoshi lolote. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam na kisha Kigoma, ikaunganishwa tena na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya, Liemba, jina la kale la ziwa hili. Kwa miongo mingi Liemba iliwachukua watu wa Kipili na Kasanga, pamoja na dagaa wao, mahindi yao, wagonjwa wao na maharusi wao. Bandari nyingi hazikuwa na gati. Abiria walipanda kutoka mitumbwini, usiku, huku watoto wakipokelewa mikono kwa mikono. Stesheni yetu ilikuwa ni mchanga wa pwani na moto wa kuni.

Reli ilitukaribia zaidi mwaka 1950, lilipokamilika tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 hivi, kwa ajili ya madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa huko. Hapo ndipo habari ya stesheni inapoingia nyumbani kwetu.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa miongoni mwa vijana wa Ufipa waliokwenda kutafuta kodi katika mashamba ya mkonge. Wakati huo wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ambayo wazee waliiita Silabu, na walioandikishwa waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Babu alikwenda kwa miguu hadi Mpanda pamoja na mdogo wake, wakapanda treni, na baada ya siku kadhaa wakashuka Kimamba, wilaya ya Kilosa. Alikuwa hajawahi kuona jengo lenye watu wengi namna ile waliokaa bila kufanya kitu. Aliniambia kwamba katika stesheni mojawapo ya njiani walingoja usiku kucha. Palikuwa na chumba chenye viti na taa kwa ajili ya daraja la kwanza na la pili, na mlango wake ulikuwa wazi. Hakuna aliyewakataza kwa maneno kuingia. "Lakini mlango," alisema, "ulikuwa unajua sisi ni akina nani." Wakalala chini, nje, kwenye changarawe, wakiitazama ile taa.

Babu alirudi baada ya kumaliza vipande vyake, akiwa na sanduku la bati na blanketi jekundu. Mdogo wake hakurudi. Haikuletwa barua, wala salamu, wala habari ya kaburi. Mama yao aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila aliyerudi kutoka mkonge alipita kwake kwanza, kwa sababu alijua ataulizwa. Swali lake lilikuwa moja daima: "Hukumwona pale wanapongojea?" Hakuwahi kuona stesheni maisha yake yote, lakini alikuwa amejijengea moja moyoni, na mwanawe alikuwa amekaa humo akingoja treni ya kurudi.

Miaka kadhaa iliyopita nilipita Kimamba kwa treni. Ilisimama dakika chache tu. Wanawake waliuza ndizi na mayai madirishani. Nilitazama jukwaa lile na miti iliyo nyuma yake, nikajaribu kumwona kijana wa Kifipa mwenye namba mkononi. Kisha kengele ikalia, nasi tukaondoka. Sikushuka, wala sikujua ningeshuka kumuuliza nani.

Kwa hiyo nikisoma kwamba stesheni fulani ya kale ni nzuri, huuliza ilikuwa nzuri kwa nani. Je, taa ilimwangazia pia aliyelala kwenye changarawe?

Ulaya nayo imejifunza swali hili kwa machozi. Stesheni kuu ya Milano, Italia, iliyofunguliwa mwaka 1931, ni jengo la fahari kubwa, lenye sanamu za farasi wenye mabawa na kumbi zinazomfanya mtu ajione mdogo kama sisimizi. Chini ya majukwaa yake, mahali palipotumika kupakilia barua, kati ya mwaka 1943 na 1945 Wayahudi na watu wengine walipakiwa ndani ya mabehewa ya mizigo, kisha mabehewa yakapandishwa juu kwa lifti na kuunganishwa na injini. Tarehe 30 Januari 1944 walisafirishwa kutoka hapo zaidi ya Wayahudi 600 kwenda Auschwitz. Waliorudi walikuwa wachache sana. Mmoja wao, Liliana Segre, alikuwa msichana wa miaka 13. Alinusurika, akazeeka, na mwaka 2018 akateuliwa kuwa seneta wa maisha wa nchi yake. Leo mahali hapo pamekuwa ukumbusho, na kwenye ukuta wa kuingilia limechongwa neno moja tu kwa herufi kubwa. Maana yake ni kutojali. Si chuki iliyoandikwa pale, bali kutojali, kwa sababu mjini watu waliendelea na shughuli zao, na juu ya kilio kile abiria walinunua tiketi na kahawa.

Wapendwa, marumaru haina dhamiri. Dhamiri inayo watu wanaopita juu ya marumaru hiyo.

Je, basi tuyadharau majengo ya kale kwa kuwa yalijengwa na wenye nguvu? Wako wanaosema hivyo, na hoja yao si ya kupuuza. Husema: stesheni za Wajerumani ni kumbukumbu ya kutawaliwa, hazina haja ya kulindwa, zitakapoharibika na zianguke. Sasa suala hili si la nadharia tena. Reli mpya ya kisasa imeanza kazi. Treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, zikafika Dodoma mwezi Julai mwaka huo. Stesheni mpya ya Dar es Salaam, inayoitwa ya Magufuli, ina umbo lililotokana na jiwe letu la tanzanaiti, nayo inasimama jirani na ile ya kale. Mkataba wa kujenga kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini mwezi Desemba 2022. Naifurahia reli hiyo kwa moyo wote. Lakini abiria wakihamia majengo mapya, yale ya kale yatabaki na kazi gani? Jengo lisilo na kazi halikawii kung'olewa milango, kisha mabati, kisha matofali.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 kuwa ya kulindwa. Ya baada ya hapo, zikiwemo stesheni zote za Reli ya Kati, hayana ulinzi huo mpaka yatangazwe. Hii ina maana kwamba stesheni ya Kigoma itaishi au itakufa kwa kadiri ya watu watakavyoipenda na kuisemea.

Waingereza walipita njia hii. Mwaka 1961 na 1962 walilibomoa tao kubwa la mawe lililokuwa mbele ya stesheni ya Euston jijini London, pamoja na kwamba wengi walipinga. Walilijutia. Miaka michache baadaye St Pancras nayo ilipotishiwa, watu walisimama, miongoni mwao mshairi John Betjeman, na mwaka 1967 ikawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Tangu mwaka 2007 treni za kwenda Ufaransa na Ubelgiji huondokea chini ya paa lile lile la Barlow. Paris nayo iligeuza stesheni yake ya Orsay, iliyofunguliwa mwaka 1900, ikawa jumba la makumbusho mwaka 1986, na sasa watu hupanga foleni kuingia humo bila tiketi ya treni.

Kwa wanaosema majengo yale si yetu, jibu langu ni hili. Aliyechora ni Mjerumani, lakini aliyebeba jiwe ni nani? Aliyechoma chokaa, aliyekoroga udongo, aliyepanda kwenye jukwaa la mafundi chini ya jua la Kigoma? Tukiliangusha jengo, Mjerumani hapotezi kitu. Michoro yake imo katika makabati kwao. Anayepoteza ni yule ambaye jasho lake halikuandikwa mahali pengine popote. Jengo lile ndilo cheti pekee alichoachiwa. Na kijana aliyengoja kwenye changarawe, ambaye hana kaburi linalojulikana, ana walau jukwaa ambalo tunaweza kulionyesha na kusema: alipita hapa.

Wala tusidhani kwamba kujenga kwa uzuri ni jambo tuliloletewa kwa meli. Hapa Ufipa wazee wetu walijenga malungu, yale matanuri ya kuyeyushia chuma, marefu kuliko mtu, ya udongo uliofinyangwa kwa uangalifu, yenye matundu chini ambamo hewa ilijivuta yenyewe bila mvukuto. Majembe yao yalisifika. Kazi hiyo iliendelea hata ndani ya karne ya 20, mpaka majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalipoiua. Machache kati ya malungu hayo bado yamesimama porini, mengine yameota miti katikati. Yatazame vizuri siku moja. Ni chombo cha kazi, cha moto na masizi, na bado fundi aliuzungusha ukuta wake kwa umbo linalopendeza jicho. Hakuna mfalme aliyemwamuru. Alijua tu kwamba kazi inayowalisha watu inastahili heshima.

Hapo ndipo napata jibu la mzee wetu aliyevua kofia. Tunajisumbua kwa ajili ya wanaopita kwa sababu sote tunapita, na saa ya kungoja ndiyo saa ambayo mtu hana nguvu. Anayengoja hana nyumba kwa muda ule. Mizigo yake iko miguuni, fedha yake imekwisha kwenye tiketi, na hatima yake iko mikononi mwa mwingine. Mji unaomwekea mtu huyo paa, benchi, maji, choo safi na saa inayosema kweli, umemwambia kwamba yeye ni mtu.

Sisi hatuna reli, lakini tunazo stendi. Katika stendi moja ambayo sitaitaja, niliona alfajiri moja ya Julai mwanamke ameketi juu ya gunia la maharage, mtoto mgongoni, kanga mbili juu ya wote wawili, pumzi yao ikionekana kama moshi. Basi lilikuwa limechelewa kwa saa nne. Hapakuwa na paa wala benchi. Watu walipita mbele yake, nami nikiwa mmoja wao, mpaka mama lishe aliyekuwa akichochea jiko lake la mkaa alipomwita: "Njoo huku, dada, ukae karibu na moto." Akamsogezea kigoda. Alfajiri ile palikuwa na stesheni moja tu nzuri mkoani kwetu, nayo ilikuwa na ukubwa wa kigoda.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, nami nitakuwa wa kwanza kuyachangia. La kwanza, ninyi mlioko Kigoma, Tabora, Mpanda na kwingineko kwenye stesheni za kale, pigeni picha, waulizeni wazee wa reli wangali hai, andikeni, na waambieni madiwani na wabunge wenu kwamba majengo haya yatangazwe na yapewe kazi: maktaba, makumbusho, hata soko la mafundi. La pili ni letu sisi wa Ufipa. Kila kijiji kilicho kando ya barabara ya lami kina mahali ambapo watu husimama kungoja gari, mara nyingi chini ya mti, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Tofali tunafyatua wenyewe, mafundi tunao. Kibanda chenye ukuta upande wa upepo, bati kumi na benchi refu si kazi ya serikali peke yake. Ni kazi ya Jumamosi mbili za watu wenye nia. Na tukikijenga, fundi asiache kukizungusha vizuri pembeni, kama wazee walivyozungusha ilungu.

Nawatakia juma jema. Mkisafiri, mfike salama. Na mkimkuta anayengoja, msogezeeni kigoda.